Futi Ishirini za Kamba

Kifaa chenyewe ni cha mviringo, kikubwa kidogo kuliko limau, cheusi juu na cha rangi ya chungwa chini. Mkwe wetu alikileta kimefungwa ndani ya soksi nene ili kisikwaruzike. Tulipomaliza chai alikitoa soksini, akakiweka juu ya kisahani mbele yangu kana kwamba ni kitu cha kumenywa.

"Hiki, mama, ukikitupa majini kinaongea na simu," aliniambia. "Kinakuonyesha samaki wako wapi, na maji yana kina gani."

"Kinaongea lugha gani?" nilimuuliza.

Binti yangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mume wangu hakucheka. Alikuwa ameinama anakitazama kwa jicho la kushoto, maana la kulia limefunikwa na mtoto wa jicho, na hilo la kushoto nalo siku hizi halioni vitu vidogo. Nilijua, kabla hajafungua mdomo, kwamba hafikirii samaki.

"Kinaonyesha na chini?" akauliza. "Chini kabisa, kwenye ardhi?"

"Hasa chini, baba. Kama ni tope, kama ni mwamba, kama kuna gogo limelala. Vyote vinachorwa."

"Basi hiyo ni pima maji," alisema mume wangu.

Mume wangu ni mwashi. Pima maji, kwa waashi, ni kile kipande kirefu chenye kibomba cha kioo na povu ndani yake, ambacho hulazwa juu ya ukuta kuona kama umekaa sawa. Anacho kimoja ambacho ni cha zamani kuliko ndoa yetu.

"Pima maji ya kweli kweli," mkwe akasema. "Yako inapima ukuta, baba. Hii inapima maji yenyewe."

Watu wote humwita mume wangu Fundi. Mimi humwita Baba Kijiko, na inafaa nieleze kwa nini. Kijiko alikuwa mtoto wetu wa kwanza. Jina la kwenye cheti lilikuwa jingine, lakini tangu ajue kufumba vidole alishika kijiko, akalala nacho, akaenda nacho chooni. Kilikuwa kijiko cha bati, mpini umepinda. Aliishi miaka mitatu na miezi mitano. Homa ilimchukua kwa siku mbili, tukamzika nyuma ya nyumba, hatua kumi na moja kutoka kwenye tangi la maji, upande wa kuelekea shule. Miaka mingi baadaye akazaliwa huyu binti, na majirani wakaanza kuniita mama wa huyu. Ndani ya nyumba sisi wawili hatukubadilisha.

Nyumba hiyo sasa iko chini ya maji. Walipojenga bwawa la umeme walituhamisha bonde zima, wakatuleta huku juu kwenye nyumba za mistari, zote sawa, milango yote inatazama upande mmoja. Makaburi nayo yalihamishwa. Alikuja kijana na daftari, akapita nyumba kwa nyumba. Fundi hakuwepo, alikuwa mbali kwenye ujenzi wa mtu. Kijana aliniuliza, "Mama, kuna kaburi lililojengwa hapa?" Nami nikamjibu ukweli, kwamba halijajengwa. Kaburi la Kijiko lilikuwa limezungushiwa mawe meupe tu, niliyookota mwenyewe mtoni. Kijana akaandika hakuna, akanishukuru, akaenda kwa jirani. Labda aliyaona yale mawe akadhani ni kitalu cha maua.

Fundi alikuwa amejengea makaburi ya watu wengi wa bonde lile. Mengine aliyapiga lipu ikang'aa kama sahani. La mwanawe alikuwa akisema, mwaka huu, mwaka huu, nikipata nafasi nilitulizie akili. Alipouliza kaburi limehamishiwa wapi nikamweleza jinsi nilivyoulizwa na jinsi nilivyojibu, maji yalikuwa yameshafika kwenye ngazi za soko. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Ni miaka ishirini na sita sasa, na ukimkuta peke yake kwenye kibaraza anatazama bwawa, ujue hatazami bwawa.

Kwa hiyo kile kidude kilipowekwa mezani, mimi na yeye tulielewana bila kuambizana.

Mkwe wetu ni mtu wa bima, hukaa ofisini mwaka mzima, na likizo yake hupenda kuimalizia majini. Ana kayaki, kimtumbwi chembamba cha plastiki, cha njano, cha viti viwili, hubebwa juu ya gari ikiwa imefungwa mikanda kama mgonjwa. Anavua samaki, anawapiga picha, halafu anawarudisha majini. Nilimuuliza siku ya kwanza hao samaki wamemkosea nini. Akasema ni mchezo tu, mama. Nikanyamaza, maana ni mkwe, na anampenda mwanangu.

Walikuwa wamekuja kwa juma moja. Jumapili walikuwa wanaondoka, na baada ya hapo mkwe alikuwa amehamishiwa kazi mbali sana, safari ya kupanda ndege mbili. Mwenyewe alisema kayaki haitaenda, ameshamwahidi rafiki yake. Fundi aliyasikia hayo yote huku anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Jumatano mkwe alienda majini tangu asubuhi akarudi mchana, pua imeungua jua. Tukiwa mezani Fundi akamuuliza kama aliona shule ya zamani, ile iliyobaki juu ya mteremko.

"Niliiona, baba. Nilipita chini yake kabisa."

"Kina gani pale?"

"Pale?" Mkwe alimeza kwanza. "Kumi na tatu, kumi na nne hivi. Katikati ndiyo inazama, ishirini na kitu."

Fundi aliweka kijiko chini akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa jibu la hesabu akalikuta ndilo lake. Walipotuhamisha walituambia kwamba upande wetu maji yatafunika mapaa tu. Na paa la nyumba yetu, kutoka ardhini hadi kileleni, lilikuwa futi kumi na nne. Alilipaua mwenyewe.

Jioni ile ile alianza kazi. Alichekecha mchanga kwa chekecheo langu la unga, nikamwachia. Alichagua kokoto moja moja kwa kuzipapasa. Akachanganya zege kwenye karai, si jepesi si zito, akalishindilia ndani ya ndoo iliyopakwa mafuta, akakunja kipande cha nondo kikawa pete, akakizamisha katikati. Zege lilipoanza kushika alichukua msumari akaandika juu yake KIJIKO. Herufi zilikuwa zimenyooka kuliko nilivyotegemea kwa jicho lile. Niliziona, nikaenda kuanua nguo.

Mkwe alipoelezwa kwamba zege litazamishwa juu ya kaburi, na kitu cha kuelea kifungwe kwake kionyeshe mahali, alienda kwenye gari akarudi na boya, gumu, jekundu, ukubwa wa tikiti. "Chukua hili, baba," alisema. "Halipasuki." Akataka kwenda yeye kuliweka.

"Hapana," Fundi alimwambia. "Hili nalijenga mimi."

"Basi niwapeleke mmoja mmoja. Kayaki ina viti viwili."

"Mimi napiga kasia. Mama anasoma simu. Wewe tufundishe tu."

Kweli akatufundisha. Alhamisi na Ijumaa tulishinda kwenye maji ya magotini, mimi kiti cha mbele, Fundi nyuma yangu, tukizunguka kama bata waliofungwa kamba. Binti yangu alisimama ufukweni na mwavuli, anaturekodi na kucheka kwa machozi.

"Mama, ukitaka kusema na baba, sema ukiangalia mbele," mkwe alinionya. "Usigeuke. Ukigeuka ghafla mtapinduka."

"Miaka arobaini na moja nasema naye hivyo hivyo," nikamjibu.

Kamba Fundi aliipima mwenyewe Ijumaa alasiri, kwenye korido, kwa kuitandaza kando ya futi yake. Sisi hata chombo chenyewe cha kupimia hukiita futi. Mtu anamwambia mwenzake niletee futi, hasemi niletee kipimo. Futi kumi na nne za kina, na sita za ziada kwa ajili ya mvua na mawimbi. Jumla ishirini. Kila futi tano akatia fundo. Kisha akafunga ncha moja kwenye pete ya zege, nyingine kwenye boya, na iliyobaki akaizungusha juu ya boya lenyewe mpaka likawa kama kinda la ndege kwenye kiota. Mkwe alipotusaidia kubeba vitu Jumamosi asubuhi aliona kiota hicho tu. Hakuona urefu. Na angeuliza kwa nini? Fundi ni fundi.

Maji yalikuwa yametulia siku hiyo, rangi ya sufuria. Walinivalisha koti la kuelea, wakanining'inizia simu ya mkwe shingoni ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Kile kidude kilifungwa kwa uzi ubavuni mwa kayaki, karibu na mkono wangu, kikaelea kikitikisika. Kikiingia tu majini kinaamka chenyewe, na simu ikatoa mlio.

"Namba kubwa juu kushoto ndiyo kina," mkwe alisema akiwa ndani ya maji mpaka kiunoni, anatusukuma. "Hiyo ndogo ni joto. Vingine vyote usiguse, mama."

"Sigusi."

Sijui kama mtu ambaye hajaona anaweza kuelewa, lakini nitajaribu. Kwenye kioo cha simu maji ni ya buluu na yanatembea, yanatoka kulia kwenda kushoto, polepole. Chini kuna mstari mnene wa njano na kahawia, ndiyo ardhi. Ukifika penye tope mstari unakuwa na manyoya manyoya. Penye kitu kigumu unakolea. Samaki akipita mashine inamchora kasamaki kadogo ka katuni, kenye jicho, na namba pembeni. Niliona watatu. Nilitamani kumwonyesha Fundi nikakumbuka kwamba sigeuki.

"Inasema nini?" aliuliza nyuma yangu. Nilikuwa nasikia kasia likichovya na pumzi yake.

"Kumi na moja, nukta, nane. Halafu m."

"M ndiyo nini?"

Niliitazama ile herufi. Ilikuwa ndogo, imekaa peke yake kando ya namba. "Maji," nikasema.

"Eh. Si ndiyo pima maji." Akaendelea kupiga kasia.

Kutafuta mahali hakukumshinda. Alifanya kama anavyoweka uzi wa ukuta. Kutoka mlangoni kwetu zamani ukitazama juu, ukuta wa mwisho wa shule ulikaa sawasawa na ule ufa wa jiwe kubwa lililo mlimani. Vitu vikubwa vya mbali bado anaviona. Alikuwa ananiuliza kama ufa umeshatokeza, nami namjibu bado, bado, sasa. Ulipotokeza akawa anatupeleka mbele kwa kuchovya kidogo kidogo, akiushika mstari huo huo.

Halafu nikaliona. Ule mstari wa chini ulikuwa unaenda umelala, mara ukapanda wima, ukaenda bapa, ukashuka wima tena. Hakuna kitu cha mtoni chenye kona namna ile.

"Baba Kijiko," nikamwita. "Tangi."

Kasia likanyamaza. "Una hakika?"

"Lina pembe."

"Juu yake inasema ngapi?"

"Kumi na mbili, nukta, nne."

"Na chini yake?"

"Kumi na nne, nukta, mbili. Maji."

Nilimsikia anapiga hesabu kwa sauti ya chini. "Futi mbili kasoro," akasema. "Nililijenga futi sita. Wewe ndiye uliyenichotea maji ya kuchanganyia." Kisha akaongeza, "Tope limelimeza futi nne."

Nilifikiri, kama tope limemeza futi nne za tangi, basi na mawe yangu meupe yako wapi. Nadhani na yeye alifikiri hivyo, maana kasia hakulirudisha majini. Upepo mdogo ukatusogeza, picha ya tangi ikaenda zake kushoto mpaka ikatoka kwenye kioo.

Hatua kumi na moja aliziweka kwa kayaki, mara mbili ya urefu wake kuelekea shule. Alipofika akasema, "Hapa. Unaona nini?"

"Mstari."

"Mawe huyaoni?"

"Naona mstari tu, Baba Kijiko. Umelala vizuri. Kumi na nne na nukta mbili."

"Haya. Shika pembeni."

Zege lilikuwa katikati ya miguu yake juu ya gunia lililokunjwa. Nilisikia gunia likiburutwa, nikasikia anavyoguna kwa nguvu, kisha kayaki ikalala upande wa kulia na maji ya baridi yakanimwagikia pajani. Nikashika plastiki kwa mikono yote miwili. Ikarudi ikakaa sawa, lakini si sawa kabisa. Zege lilikuwa limeingia majini na yeye ameshika kamba.

Aliishusha kwa mkono, hakuitupa. Fundi hatupi kitu. Alikuwa anaiachia pole pole na kuhesabu mafundo yanavyopita kwenye kiganja chake.

"Tano," alisema.

Baadaye, "Kumi."

Niliona kwenye kioo kitu kinashuka, alama ya kukolea iliyochora mstari wa mshazari kwenye buluu. Nikamwambia naliona, linaenda.

"Sasa hivi linafika," alisema. Kayaki ilikuwa imeinama kidogo kwa uzito. "Kumi na tano... Tope lenyewe ni laini, labda linadidimia."

"Limefika?"

"Bado."

Nikatazama simu. Ile alama haikuwa hata nusu ya njia. Kutoka pale hadi kwenye mstari wa njano palikuwa na buluu nyingi tupu. Nilidhani labda mashine imechelewa kuchora, kama wakati mwingine sauti ya redio inavyochelewa.

"Ishirini," alisema Fundi.

Kamba ilikuwa imekwisha.

"Mama Kijiko."

"Abee."

"Halijafika chini."

"Vuta basi. Lirudishe."

Akajaribu. Nilijua kwa jinsi chombo kilivyolala. Nilisikia pumzi yake inakatika, kamba inapanda kidogo, inateleza. Akajaribu tena. Maji yakaingia mengi zaidi, yakanifika kwenye mapaja yote mawili, na ule upande wa kulia ukawa sambamba na bwawa. Mtu wa miaka sabini na moja amekaa sakafuni miguu mbele, hana pa kukanyagia, na zege la ndoo nzima linaning'inia mikononi mwake. Hata akiwa kijana asingeweza kulipandisha kwa namna ile.

"Nifunge wapi?" aliuliza. "Kuna kipete huku?"

Mkwe alikuwa ametuonya tusifunge kitu kizito ubavuni, tutapinduka. Nikamkumbusha.

"Basi wewe piga kasia. Twende nalo hivi hivi mpaka kwenye kina kifupi."

"Kasia liko wapi?"

"Liko magotini kwangu. Nyoosha mkono nyuma."

Nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kiganja wazi, kama mtu anayengoja kuwekewa kitu gizani. Niligusa goti lake. Nikagusa kamba ya koti lake. Nikalisikia kasia kwa ncha za vidole, na nilipojaribu kulishika likaviringika, likagonga plastiki, likaingia majini upande wa kushoto. Sikuthubutu kuliinamia. Lilielea pale pale, karibu, kama upana wa khanga hivi, nami nikawa nalitazama.

Ufukweni mkwe na binti yangu walikuwa vitu viwili vidogo, kimoja kina mwavuli. Nilipunga mkono. Nao wakapunga.

"Mikono imekufa ganzi," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. "Kamba inanikata."

"Achia."

"Nikiachia linazama na boya lake. Halitaonekana tena."

"Najua."

"Nimeandika jina lake pale."

"Najua, Baba Kijiko. Nimeliona. Achia."

Hakuachia. Tulikaa hivyo, sijui muda gani. Mimi naangalia mbele, kwenye ule ufa wa jiwe, na nyuma yangu mume wangu anapumua kwa mdomo. Sikuweza kumshika bega. Sikuweza hata kumwona uso. Yale maji ndani ya kayaki yalikuwa yanazidi kila anapohema. Mwishowe nikasema jambo ambalo sikutaka kulisema, kwamba ukitupindua mimi siwezi kuogelea, na binti yetu ametusimamia pale anatazama. Nilimwambia nina mtoto huyu mmoja tu aliyebaki wa kuniona.

Kayaki ikaruka ikakaa sawa. Boya lilipita ubavuni mwangu, jekundu, likasimama juu ya maji kama mtu aliyesahau kitu akaduwaa, kisha likaenda chini moja kwa moja bila kutoa hata povu.

Kwenye simu niliona ile alama inashuka mpaka ikagusa mstari wa njano. Baada ya muda ikatulia, na juu yake, katikati ya buluu, mahali boya lilipoishia, mashine ikamchora samaki. Mkubwa, mwenye jicho. Pembeni yake iliandika nane.

"Unaona nini?" Fundi aliuliza.

"Limefika," nikamwambia. "Limekaa wima."

Kasia tulilipata kwa kupiga maji kwa viganja, mimi kushoto na yeye kulia, kama watoto kwenye beseni. Viganja vyake vilikuwa vimechunika, kila alichogusa kikawa na damu. Safari ya kurudi ilichukua muda mrefu.

Mkwe alituvuta nchi kavu huku anauliza maswali mengi, na Fundi akamjibu moja tu. "Kamba ilikuwa fupi."

"Ilikuwa ngapi, baba?"

"Ishirini."

"Ishirini? Mbona ilitosha. Pale si kumi na nne."

"Ishirini. Futi ishirini."

Mkwe alinivua simu shingoni taratibu, akaitazama. "Mama," aliniambia, "hii m ni mita."

Nilikuwa nimejifunga khanga kavu, binti yangu ananisugua mabega. Nililielewa neno, sikulielewa jambo. Ikabidi anieleze kwa mikono, mita moja hii hapa, futi moja hii hapa. Akasema ni kosa lake, hakutuambia, alidhani inajulikana. Akasema alama ya mahali pale imebaki kwenye simu, haipotei, mtu akija hata baada ya miaka kumi inampeleka pale pale.

"Simu ya nani?" Fundi aliuliza.

"Yangu, baba."

"Na kesho unaondoka nayo."

Mkwe akasema atatutumia picha. Alitutumia kweli, ipo kwenye simu ya jirani. Ni namba ndefu mbili na kidoti chekundu kwenye buluu.

Jumapili asubuhi walipokuwa wanafunga kayaki juu ya gari, Fundi alitoka na mikono yake imefungwa vitambaa. Niliweka mkungu wa ndizi kwenye buti, binti yangu akalia kidogo kama kawaida yake. Fundi akamsogelea mkwe.

"Mwanangu, nifanyie hesabu moja. Mita kumi na nne na nukta mbili ni futi ngapi?"

Mkwe alitaka kusema kwamba haina haja, nikaona. Lakini mkwe hambishii baba. Akatoa simu, akabonyeza. "Arobaini na sita na nusu, baba."

"Arobaini na sita na nusu."

"Ndiyo."

"Hiyo ni ghorofa nne na kidogo," Fundi alisema. "Niliwahi kujenga ghorofa nne. Mara moja tu."

Mkwe akamshika mkono kwa uangalifu juu ya kitambaa, wakaagana, gari likaondoka na ile kayaki yake ya njano juu. Mimi nilipunga mpaka likakata kona. Nilipogeuka nilimkuta mume wangu bado amesimama uani pale pale. Hakuwa anatazama bwawa. Alikuwa ameinua uso juu, kichwa amekirudisha nyuma kabisa, anapima hewa tupu kwa lile jicho moja, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama afanyavyo mwashi kabla ya kuanza kazi, kutaka kujua mtu akiwa chini atakuwa mbali kiasi gani na aliye juu. Jua lilikuwa linampiga usoni. Nikasimama kando yake nikamsubiri ashushe kichwa.